Neno na Wenzake
Mhadhara kuhusu Kiingereza cha kila siku



Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaandika insha. Anataka kusema kwamba mjomba wake alipata ajali, naye anaandika: "My uncle got an accident." Mwalimu anapiga mstari mwekundu, anaandika "had" juu yake, kisha anafungua daftari linalofuata. Mwanafunzi akirudishiwa kazi yake hana pa kushika. Sarufi yake haina kasoro: kiima kipo, kitenzi kipo katika wakati uliopita, yambwa ipo mahali pake. Msamiati nao hauna kasoro, maana kamusi yoyote itamwambia kwamba "get" ni kupata na "accident" ni ajali. Amefuata kila alichofundishwa, na bado amekosa.

Nimekuja kuzungumza juu ya kosa la namna hiyo, kwa sababu naamini hapo ndipo Kiingereza cha vijana wetu kinapokwama, na tunapoteza miaka mingi kutafuta dawa kwingine. Tunaongeza saa za sarufi. Tunawapa orodha ndefu za maneno wayakariri. Lakini neno la Kiingereza, kama neno la lugha yoyote, halitumiki peke yake. Lina wenzake. "Accident" na "have" ni chanda na pete, na hakuna kanuni ya sarufi inayoeleza kwa nini. Wenye lugha wamezoea hivyo, basi. Aliyezaliwa nayo aliyasikia maneno hayo mawili pamoja tangu utotoni na hakuwahi kuyafikiria mbalimbali.

Tukitazame kitenzi chetu kupata. Mtu hupata ajali, hupata mtoto, hupata faida, hupata mafua, hupata jibu, hupata umaarufu, na mgonjwa aliyezimia hupata fahamu. Kazi hiyo yote Kiingereza kinaigawa. Ajali na mtoto vinakwenda na "have". Faida inakwenda na "make", na hata hasara wanaifanya: "make a loss". Mafua wanayadaka, "catch a cold", kama mtu adakavyo mpira. Jibu wanalipata kwa kulitafuta, kwa hiyo "find an answer". Umaarufu ni "gain fame" au "win fame". Fahamu inarudishwa, "regain consciousness", na hiki "regain" ni kitenzi chenye marafiki wachache: fahamu, nguvu, mamlaka ya jambo lililokuponyoka. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kupata ni "get" atalibandika "get" kote. Mahali pengine litakubali, kwa kuwa "get a cold" na "get an answer" ni Kiingereza kizuri tu, na huko kukubali ndiko kunakompotosha. Akifika kwenye "get a baby" haoni sababu ya kusita.

Chukueni tena kivumishi -kali. Jua kali, upepo mkali, kisu kikali, mwalimu mkali, mbwa mkali, pombe kali, maumivu makali, mwanga mkali, kona kali. Sisi hatuoni kwamba tumetaja mambo tisa tofauti. Tunaona ukali mmoja unaojitokeza kwa sura nyingi. Mwingereza hana neno la kuukusanya ukali huo. Jua kwake ni "hot", mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", maumivu ni "severe", mwanga ni "bright". Upepo na pombe vinaishi chini ya paa moja, "strong". Kisu na kona navyo vimekutana: kona kali ya barabara ya Kitonga ni "sharp bend", kwa neno lilelile la makali ya kisu. Hapo msikilizaji makini anaanza kuona kwamba mpangilio huu haukufumwa ovyoovyo. Una mantiki yake, ila mantiki hiyo haitabiriki kutoka nje. Inabidi uikute kwa kusoma na kusikiliza.

Kinyume chake kipo pia. Neno "heavy" linafanya kwa Waingereza kazi ambayo kwetu inafanywa na maneno mengi. Mvua inayomwagika ni "heavy rain", nasi tunaiita mvua kubwa. Barabara iliyojaa magari ina "heavy traffic", nasi tunasema foleni. Vita vikipamba moto kuna "heavy fighting", kwetu mapigano makali. Anayevuta sigara nyingi kila siku ni "heavy smoker", kwetu mvutaji sugu. Lakini usingizi mzito, moyo mzito na lafudhi nzito vinalingana na vya kwao kabisa: "heavy sleep", "heavy heart", "heavy accent". Na sugu nalo lina ukoo wake. Mhalifu sugu ni "hardened criminal" na ugonjwa sugu ni "chronic disease"; ukiyabadilisha maneno hayo, ukasema "hardened disease", umepotea.

Anayedhani kwamba mambo haya ni matatizo ya Kiingereza pekee na asikilize Kiswahili chake. Giza ni totoro, na kitu kingine hakiwi totoro. Mtu hulala fofofo, hatembei fofofo wala hali fofofo. Nguo ni nyeupe pe na kaa ni jeusi ti. Atakayesema "nyeusi pe" atarekebishwa na mtoto wa chekechea. Mlevi hulewa chakari, ukumbi hujaa pomoni, bahari hutulia tuli. Vijineno hivi vyetu vimefunga ndoa na neno moja moja, na sijui mahali katika Kiingereza panapokaribia ukali wa ndoa hiyo kuliko pale wanaposema "fast asleep", "wide awake", "pitch dark", "dead drunk". Fikirini hilo "fast asleep": neno ambalo vijana wetu wamefundishwa kwamba maana yake ni upesi limesimama mbele ya usingizi. Maana ya zamani ya "fast" ni kushikamana imara, na imebaki imejificha katika michanganyiko michache kama huo. Mwalimu anayetafsiri neno kwa neno hawezi kumweleza mwanafunzi kilichotokea. Anayejua kwamba sisi tunalala fofofo anaweza kumwambia: hili ndilo fofofo lao.

Sasa nieleze ni nani walioligundua jambo hili, kwa maana historia yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1922 Mwingereza Harold Palmer alikwenda Japani kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu katika ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Tokyo taasisi ya utafiti aliyoiongoza. Alikutana na wanafunzi waliojua maneno mengi na kanuni nyingi, lakini sentensi zao zilikuwa na ugeni usiofutika. Mwaka 1933 taasisi hiyo ilitoa ripoti kuhusu michanganyiko ya maneno ya Kiingereza. Msimamo wa Palmer ulikuwa kwamba kuna mafungu ya maneno ambayo mwanafunzi lazima ajifunze yakiwa mazima, asijaribu kuyaunga mwenyewe kipande kwa kipande. Mshirika wake, A. S. Hornby, aliyefika Japani mwaka 1924, aliyatia mafungu hayo katika kamusi. Kamusi hiyo ilichapwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na mwaka 1948 Oxford University Press wakaitoa upya. Ndiyo mama wa Oxford Advanced Learner's Dictionary, ile kamusi nene mnayoikuta katika maktaba za shule zetu. Wengi wanaifungua kutafuta maana, wanaifunga. Hazina yake kubwa iko katika mifano iliyo chini ya maana.

Mtu wa pili ni J. R. Firth, ambaye mwaka 1944 alikuwa profesa wa kwanza wa isimu ya jumla nchini Uingereza, katika chuo cha SOAS cha London, chuo kilekile ambacho Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha Kiingereza Lahore kwa miaka kadhaa. Firth alisema wazi kile ambacho Palmer alikifanyia kazi: kwamba sehemu ya maana ya neno ni maneno linayozoea kukaa nayo. Katika maandishi yake ya mwaka 1951 alieleza kwamba moja ya maana za "night" ni uwezo wake wa kwenda na "dark", na moja ya maana za "dark" ni kwenda na "night". Mwanafunzi wake M. A. K. Halliday alikuja kutoa mfano ambao leo unatajwa kila mahali: chai ni "strong" na haiwi "powerful", gari ni "powerful" na haliwi "strong", ingawa ukifungua kamusi maneno hayo mawili yanaelezwa kana kwamba ni pacha.

Naomba mlione jambo hili. Palmer na Hornby walikuwa Japani. Firth alitokea Lahore. Mwingereza aliyebaki nyumbani hakuwa na sababu ya kushangaa kwamba chai ni "strong". Ni kama sisi tusivyoshangaa kwamba giza ni totoro. Uandamani wa maneno uliwadhihirikia watu waliosimama mpakani, kati ya lugha mbili, wakimsikia mgeni akijaribu kuvuka. Nasi Afrika Mashariki tumesimama mpakani hapo kila siku, darasani, kortini, ofisini, bungeni.

Baadaye ikaja kompyuta, na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham akafanya kile ambacho jicho la mtu haliwezi. Yeye na wenzake walikusanya mamilioni ya maneno ya maandishi na mazungumzo halisi, wakaiagiza mashine itoe kila mahali neno fulani lilipotumika. Matokeo ni ukurasa wa mistari mifupi, neno unalolichunguza likiwa limepangwa wima katikati, na maneno yanayolitangulia na kulifuata yakiwa kushoto na kulia. Unateremsha jicho tu. Baada ya mistari ishirini unaanza kuona wageni walewale wakirudi. Kazi hiyo ilizaa kamusi ya COBUILD mwaka 1987, iliyojengwa juu ya matumizi yaliyokusanywa badala ya kumbukumbu ya mtunzi. Baadaye likaja hazinamatini (mkusanyiko kama huo wa matini) la Uingereza lenye maneno milioni 100, lililokamilika mwaka 1994. Sinclair alifikia hitimisho zito: mtu anaposema hachagui neno moja moja na kulitia katika nafasi iliyoachwa wazi na sarufi. Sehemu kubwa ya usemi hutoka ikiwa mafungu yaliyokwisha kufungwa. Ndiyo maana mwenye lugha anasema upesi na mwanafunzi wetu anakwama: mmoja anachukua fungu, mwenzake anaokota kijiti kimoja kimoja.

Katika mistari hiyo kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mwalimu wa insha anapaswa kulijua. Sinclair aliona kwamba usemi "set in", yaani kuanza na kukita mizizi, huandamana na mambo mabaya: uozo, kukata tamaa, maambukizi. Mtu aliyeliendeleza wazo hilo zaidi ni Bill Louw wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, katika makala yake ya mwaka 1993. Alionyesha kwamba neno likikaa muda mrefu na wenzi wabaya hupata rangi ya wenzi hao, na msikilizaji huihisi rangi hiyo hata asipoweza kuieleza. Kwa mara nyingine, jambo kuhusu Kiingereza lilionekana vizuri kutoka mbali na Uingereza, na safari hii kutoka Afrika.

Niwape mfano wa nyumbani. Mwanafunzi anaandika: "The new road caused development in our village." Mwalimu anahisi sentensi ina kitu, lakini hakioni. Kitu chenyewe ni hiki: "cause" huandamana na ajali, madhara, vifo, wasiwasi, matatizo. Barabara haikusababisha maendeleo, ilileta maendeleo: "brought development". Na huyu mwanafunzi angeweza kulijua hilo kutoka katika Kiswahili chake, maana sisi nasi tunasababisha vifo, hasara na usumbufu, na maendeleo tunayaleta. Sikio lake la Kiswahili lilikuwa na jibu. Hakuna aliyemwambia alitumie. Tumewafundisha watoto kwamba lugha ya mama ni kikwazo cha Kiingereza, ilhali katika mambo mengi ni mwalimu msaidizi aliyekaa kimya nyuma ya darasa.

Juu ya mpangilio wa jozi nitapita haraka. Kiingereza kina jozi zisizogeuzwa: "bread and butter", "salt and pepper", "fish and chips", "knife and fork". Ukitazama sauti utaona kwamba mara nyingi neno fupi hutangulia na refu hufuata, lakini kanuni hiyo haishiki kila mahali, na hakuna njia ya mkato ila kuzisikia. Sisi tunafanya kazi usiku na mchana, wao mara nyingi "day and night".

Vitenzi vyao vinavyoandamana na vijineno kama "at", "for", "after" ndivyo vinavyowatesa vijana zaidi, nao ni rahisi kuliko wanavyofundishwa. "Look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza. Kijineno kinabadilisha kitenzi kizima, karibu kama viambishi vyetu tamati vinavyogeuza soma kuwa somea, somesha na someka. Mtoto wa Kiswahili hashangai kwamba mkia mdogo wa neno unageuza maana. Aelezwe kwamba Waingereza wameukata mkia huo na kuuweka pembeni.

Nimeulizwa mara nyingi kama ninataka watu wetu waseme kama watu wa London. Sitaki hivyo. Kiingereza cha Afrika Mashariki kimejiundia michanganyiko yake, na baadhi yake inapendeza. Ukionana na rafiki baada ya miezi mingi, Nairobi atakuambia "You are lost!" na moyoni anasema umepotea. Mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia "sorry" ingawa hatukumkwaza, kwa sababu tunampa pole, na Kiingereza cha Uingereza hakina neno la kufikisha pole. Michanganyiko hiyo imechunguzwa: mwaka 1999 lilikamilika hazinamatini la Kiingereza cha Kenya na Tanzania, chini ya Josef Schmied na Diana Hudson-Ettle. Mtu anayewaambia Wakenya wenzake "You are lost" hajakosea, amesema na watu wake. Ninachokitaka ni kwamba anapoandika ripoti itakayosomwa Geneva, au barua ya kuomba nafasi ya masomo, awe na uwezo wa kuchagua. Kwa sasa wengi hawana uwezo huo, maana hawajawahi kuonyeshwa kwamba kuna cha kuchagua.

Kosa linatembea upande wa pili pia, na hili linaniuma zaidi. Katika redio na magazeti yetu mikutano siku hizi "inachukua nafasi", eti kwa sababu kwa Kiingereza mkutano "takes place". Kwa Kiswahili anayechukua nafasi ni mrithi wa aliyeondoka. Mkutano hufanyika. Na kila mzungumzaji wa jukwaani sasa anamalizia hoja yake kwa "mwisho wa siku", hata iwe saa nne asubuhi, wakati "hatimaye" na "mwisho wa yote" yapo palepale. Mwandishi wa habari anayetafsiri mbio usiku hana makosa ya makusudi. Amefundishwa maneno mojamoja, kwa hiyo anatafsiri mojamoja, katika lugha zote mbili.

Kwa hiyo naomba tuandike kamusi. Tunayo Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, kazi kubwa iliyotufaa sana, na tunazo kamusi za Kiingereza za michanganyiko, kama ile ya Oxford ya mwaka 2002. Lakini ile ya Oxford inamtaka msomaji aanze na neno la Kiingereza, na kijana wetu hana neno hilo. Anacho "kupata ajali". Kamusi ninayoiomba ianze na mchanganyiko wa Kiswahili na imfikishe kwenye mchanganyiko wa Kiingereza, fungu kwa fungu. Vyombo vya kuianzia vipo: hazinamatini la Kiswahili lililoandaliwa Helsinki chini ya Arvi Hurskainen linaweza kutupa wenzake wa kila neno letu, na yale ya Kiingereza yatatupa wenzake wa kila neno lao. Kinachobaki ni watu wanaozijua lugha zote mbili kukaa na kulinganisha. Na watu hao ndio ninyi.

Tuanze na vitenzi vichache vinavyobeba mzigo mkubwa: pata, piga, toa, tia, kula, enda. Mwalimu anaweza kuanza kesho bila kusubiri mchapishaji, kwa daftari la darasa lenye safu mbili. Kuonyesha ninachokusudia, hivi ndivyo ningeanza ukurasa wa toa. Kutoa hotuba ni "give a speech", na kutoa damu hospitalini ni "give blood" au "donate blood". Kutoa ahadi ni "make a promise". Ahadi ya Kiingereza kwa kawaida hutengenezwa, ingawa neno la heshima alilotoa mtu hutolewa: "give your word". Kutoa amri ni "give an order", na ikitoka serikalini kwa maandishi, "issue an order". Kutoa kitabu ni "publish a book" kwa mchapishaji na "bring out a book" katika mazungumzo. Kutoa rushwa ni "pay a bribe" ikiwa fedha zimepokelewa na "offer a bribe" ikiwa bado. Kutoa hukumu ni kwa jaji, "deliver a judgment". Kutoa adhabu ni "impose a punishment". Kutoa machozi ni "shed tears", na hapa pafunguliwe mlango wa pembeni, kwa sababu "shed" ina wenzake wanaostahili kuandikwa palepale: mti unaopukutisha majani, nyoka anayejivua ngozi, askari anayemwaga damu, na ushahidi mpya unaolimulika jambo lililokuwa gizani, "shed light".